Ndege Mwenye Nyusi za Kijivu

Mtu atokaye Goma kwa njia ya Rutshuru hufika Kibumba baada ya kilometa 25 hivi. Karibu naye husimama mlima Mikeno, na msitu wa Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Wengi wautazamapo msitu huo humfikiri gorila tu. Leo twapenda kuwaarifu wasomaji wetu habari za kiumbe mdogo zaidi.

Wataalamu humwita Chamaetylas poliophrys. Neno la pili latoka Kiyunani, maana yake “mwenye nyusi za kijivu”. Urefu wake wapata sentimeta 15. Kichwa chake ni cheusi, mgongo wa hudhurungi, na kooni ana baka jekundu kama kutu. Bwana Sharpe, bingwa wa ndege wa Uingereza, alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1902. Duniani kote hapatikani ila katika misitu ya milima ya Kongo ya mashariki, Uganda, Rwanda na Burundi.

Makao yake ni chini, penye giza na unyevu, kati ya vichaka na majani yaliyooza. Tena ana werevu wa ajabu: huwafuata siafu. Jeshi lao lipitapo, panzi, buibui na mende hutoka mafichoni mbio. Ndege wetu hungoja juu ya kijiti, kisha hushuka na kudaka. Shabaha yake si siafu, bali wale wanaowakimbia.

Basi vichaka vikifyekwa, jua huingia, ardhi hukauka, wadudu hupungua, naye hukosa riziki. Wala si yeye peke yake apatwaye na hasara. Kibumba imelala juu ya mawe ya volkano. Mvua hupotea chini upesi, na kina mama hutaabika kutafuta maji. Majani yaliyooza ya msituni huishika mvua kama sifongo.

Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walipiga kambi Kibumba. Walihitaji kuni za kupikia, wakaingia msituni. Nani atamlaumu mama mwenye watoto wenye njaa? Hata hivyo jeraha lilibaki, na mwaka ule ule UNESCO iliitia Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kambi ilivunjika mwaka 1996, lakini vita vilirudi tena na tena, na miti ikazidi kukatwa kwa ajili ya makala.

Wazazi, chungu hakiivi bila moto, twalijua hilo. Kwa hiyo kila jamaa yenye shamba na ipande mikaratusi au migrevilea mipakani, ili kuni zipatikane nyumbani. Nanyi wanafunzi, itunzeni miche hiyo. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015, alituhimiza kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Bwana wetu naye alifundisha kwamba hata shomoro hasahauliwi na Baba. Anayemkumbuka shomoro amkumbuka pia huyu mfuasi wa siafu, naye ametukabidhi sisi msitu wake.