Mahitaji au soko? Gesi ya meli bandarini na neno lililonishinda

Wakati wa likizo ndefu nilipewa kurasa sita za Kifaransa nizitie katika Kiswahili. Zilitoka kwa wakala mmoja wa mizigo hapa Lubumbashi. Shaba ya wateja wake hushuka kwa malori hadi Dar es Salaam na Durban, kisha huvuka bahari. Wakala huyo alitaka wafanyakazi wake waelewe kwa nini bei ya usafiri wa melini hupanda na kushuka bila wao kuona sababu. Ukurasa wa nne ulikuwa na kichwa hiki: «La demande de GNL comme carburant marin dans les ports». Nikaandika bila kusita: «Mahitaji ya GNL kama mafuta ya meli bandarini».

Rasimu ilisomwa na papa mmoja aliyefanya kazi ya tranziti tangu enzi za Zaire. Alipofika hapo akainua macho: «Mwana, bandari inahitaji gaz ju ya nini? Bandari haiende fasi yoyote.»

Nilicheka. Nilipofika nyumbani niliona kwamba hakukosea, na kwamba kosa halikuwa la kamusi tu. Nilikuwa nimetafsiri jambo nisilolielewa. Makala hii inaeleza nilichokipata nilipojaribu kulielewa.

Nianze na kitu chenyewe. GNL, ambayo majirani zetu wa Tanzania huiita LNG kwa kufuata Kiingereza, ni gesi asilia, yaani hasa methani, iliyopozwa hadi nyuzi 162 hivi chini ya sifuri. Ikifika hapo inageuka kimiminika, na ujazo wake unapungua karibu mara 600. Tusiichanganye na gesi ya chupa tunayopikia. Ile ya jikoni ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa kubanwa tu, hata katika joto la kawaida. Methani haikubali hivyo. Ukiibana bila kuipoza itabaki gesi, gesi nzito tu.

Kiswahili cha Tanzania kimeitenganisha michakato hii miwili vizuri kuliko nilivyotarajia. Gesi inayobanwa ili itumike kwenye magari huitwa gesi iliyoshindiliwa, kwa kitenzi kilekile cha kushindilia baruti katika bunduki ya zamani. Ile inayopozwa hadi iwe kimiminika huitwa gesi iliyosindikwa. Kusindika ni kukamua mafuta ya mbegu, na siku hizi pia ni kutengeneza maziwa au matunda kiwandani ili yakae. Mwanaisimu anaweza kulalamika kwamba kitenzi hicho hakisemi lolote kuhusu baridi. Mimi nimekipenda, kwa kuwa kinasema kwamba gesi imetengenezwa ili iweze kusafiri. Katika kurasa zangu niliandika «gesi iliyosindikwa (GNL)» na yule papa hakuuliza kitu. Kwa hiyo tatizo halikuwa GNL. Tatizo lilikuwa «mahitaji».

«Demande» ya Kifaransa inatokana na kuomba. Ili iwepo lazima mtu afungue mdomo. «Hitaji» letu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kupungukiwa na kitu. Mtu anaweza kuhitaji kimya kimya, bila fedha, bila kwenda sokoni. Vitabu vya uchumi vya Kiswahili husema «ugavi na mahitaji» na wanafunzi wa uchumi wamezoea. Lakini msomaji wa kawaida akisoma «mahitaji ya gesi bandarini» anasikia kwamba kuna upungufu mahali fulani na kwamba gesi ikiletwa upungufu utakwisha. Historia ya gesi hii katika meli haikuwa hivyo hata siku moja.

Kwa miongo mingi meli kubwa zilichoma mafuta mazito, yale masalia mazito na meusi yanayobaki kiwandani baada ya petroli na dizeli kutolewa. Yalikuwa rahisi kwa bei na yalijaa salfa. Shirika la kimataifa linalosimamia usafiri wa baharini, OMI, lilianza kubana taratibu. Tangu Januari 2015, meli inayopita katika maeneo maalumu kama Bahari ya Baltiki, Bahari ya Kaskazini na pwani za Amerika ya Kaskazini hairuhusiwi kuchoma mafuta yenye salfa zaidi ya asilimia 0.10. Tangu Januari 2020 kikomo cha bahari nyingine zote kilishuka kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Mwenye meli alibaki na njia chache. Angeweza kununua mafuta yaliyosafishwa zaidi, kufunga mtambo wa kuosha moshi na kuendelea na mafuta yaleyale, au kuunda meli inayochoma gesi iliyosindikwa, ambayo karibu haina salfa kabisa.

Uhitaji, basi, ulikuwa wa kupunguza salfa. Kanuni hizo za salfa hazikumlazimisha mtu kutumia gesi.

Aliyechagua gesi alikutana na swali la kuku na yai. Nani ataunda meli ya gesi ikiwa hakuna bandari ya kuijaza? Na bandari gani itanunua chombo cha kujazia ikiwa hakuna meli? Kwa mafuta ya kawaida swali hili ni jepesi, maana mafuta yanaweza kusubiri tangini. Gesi iliyosindikwa haisubiri vizuri. Hata katika tangi lenye kuta nene inapata joto kidogo kidogo, inachemka na kurudi kuwa gesi. Ukiiweka bandarini bila mteja, mali yako inapungua huku unaiangalia.

Walioanza walikuwa wale ambao swali hilo liliwahusu kidogo. Mwaka 2000 Norwei ilianza kutumia kivuko cha Glutra, kinachokwenda kwa gesi. Kivuko hakizunguki dunia. Kinarudi gati lilelile kila siku, na lori moja la tangi linaweza kukilisha. Mwaka 2013 ikaja Viking Grace, meli kubwa ya abiria kati ya Turku ya Ufini na Stockholm. Hiyo ilipewa chombo chake kidogo cha kuijazia, Seagas, kilichokuja ubavuni mwake kila ilipofika Stockholm. Meli moja, njia moja, mjazaji mmoja. Soko la kwanza lilikuwa dogo kiasi hicho, karibu sawa na mama muuza maziwa na nyumba tatu anazozijua.

Meli za makontena ni jambo lingine. Mwaka 2017 kampuni ya Ufaransa CMA CGM ilitangaza kwamba meli zake mpya tisa, kila moja ya makontena 23,000, zitakwenda kwa gesi. Hazikuwa zimeundwa bado. Kabla mwaka haujaisha ilifunga mkataba na Total wa tani 300,000 hivi kwa mwaka kwa miaka kumi. Total nayo, ikiwa na mkataba mkononi, ikaweza kukodi chombo cha kujazia kilichoundwa kwa kazi hiyo, Gas Agility, kinachobeba mita za ujazo 18,600. Novemba 2020, Rotterdam, chombo hicho kilisimama ubavuni mwa meli ya kwanza kati ya hizo tisa, CMA CGM Jacques Saadé, na kuimiminia mita za ujazo 17,300 hivi. Lori la tangi hubeba kama 40 au 50. Anayeijua foleni ya Kasumbalesa afikirie zaidi ya malori 300 kwa kuijaza meli moja mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa pingamizi la papa. Rotterdam haikukaa ikihitaji gesi. Mwenye meli aliahidi kununua, muuzaji akaahidi kuleta, mwenye chombo akakubali kukodisha, na bandari ikatoa ruhusa na kanuni za usalama. Ahadi hizo nne zilipokutana gati moja, takwimu za bandari ziliandika «demande».

Ahadi hizo zinaweza pia kuachana. Baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, bei ya gesi Ulaya ilipaa, na Agosti mwaka huo ilipita euro 300 kwa megawati-saa. Meli nyingi za aina hii zina injini zinazokula vyote viwili, gesi na mafuta. Zikageukia mafuta. Mauzo ya gesi ya meli yakashuka, kisha yakapanda tena bei ilipotulia. Meli hazikupungua, safari hazikupungua, na injini ziliendelea kutaka chakula kilekile. Uhitaji ulibaki palepale wakati «demande» inaanguka. Kama maneno haya mawili yangekuwa na maana moja, mwaka 2022 usingeelezeka kwa Kiswahili.

Singapore ndiyo inayouza mafuta ya meli kuliko bandari zote duniani, na takwimu zake zinaonyesha kasi na udogo kwa pamoja. Mwaka 2022 iliuza tani 16,000 hivi za gesi iliyosindikwa kwa meli. Mwaka 2023 zilikuwa karibu 111,000, na mwaka 2024 karibu 464,000. Mtu akisoma hapo tu atadhani mafuta yamekwisha kazi. Lakini jumla ya mafuta yote yaliyouzwa hapo mwaka 2024 ilikaribia tani milioni 55. Gesi, pamoja na mbio zake zote, haikufika sehemu moja kati ya mia. Makala za biashara hupenda tarakimu za kwanza na kuzisahau za pili.

Na sisi je? Shaba yetu inapita Dar es Salaam, na kusini mwa jiji hilo pwani ina gesi nyingi. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, na bomba la kutoka Mtwara likafuata mwaka 2015. Inaendesha mitambo ya umeme. Kwa meli, gesi hiyo haina faida hivyo ilivyo, maana haijasindikwa, na mradi mkubwa wa kuisindika huko Lindi umezungumzwa miaka mingi bila kujengwa. Msumbiji imetangulia: mtambo unaoelea wa Coral Sul, mbele ya pwani ya Cabo Delgado, ulitoa shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Shehena hizo huuzwa mbali. Sioni ajabu hapo. Meli kubwa hujaza mahali ambapo njia nyingi zinakutana na wauzaji wanashindana, na kuwa karibu na kisima hakutoshi. Sisi wa Katanga hatuhitaji kufundishwa hilo, tunaoishi juu ya shaba na kununua waya kutoka nje.

Kabla mtu hajasikitika kwamba bandari za pwani yetu zimeachwa nyuma, ajue kwamba si kila mtaalamu anaiona gesi hii kuwa ndiyo njia ya mbele. Ikichomwa inatoa hewa ukaa pungufu kwa karibu robo au chini kidogo ya mafuta mazito. Ila si yote inayochomwa. Sehemu ndogo hupita injini nzima-nzima na kutoka bombani ikiwa methani. Kanuni za Ulaya hukadiria sehemu hiyo kuwa asilimia 3.1 katika baadhi ya injini, na 0.2 tu katika nyingine. Katika kipindi cha miaka 20 methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, hivyo asilimia tatu inaweza kula faida yote. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilizishauri serikali ziepuke sera mpya za kuibeba gesi kama mafuta ya meli. Wanaoitetea hujibu kwamba matangi yaleyale yataweza baadaye kubeba methani itokanayo na taka na kinyesi cha mifugo. Huenda. Mimi ningetaka kwanza kujua taka hizo ni kiasi gani na nani mwingine anazitaka.

Kivumishi «asilia», kwa njia, kinaisaidia gesi hii kuliko inavyostahili. Hata sumu ya nyoka ni asilia.

Niliporudi kwa papa nilikuwa na sentensi tatu za kuchagua. «Uhitaji» niliuacha, kwa kuwa unarudia kosa lilelile kwa umoja. «Maombi» yalisikika kama kanisani. Mwishowe nilichukua neno ambalo muuza sambaza wa sokoni Kenya angelitumia bila kusoma isimu. Kitu kinachonunuliwa tunasema kina soko, kisichonunuliwa hakina soko, na hakuna anayedhani kwamba kukosa soko ni kukosa kazi. Nikaandika: «Soko la gesi iliyosindikwa (GNL) kama mafuta ya meli, katika bandari zinazoiuza».

Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Akakubali «soko». Akauliza kama ile inayotoka bombani bila kuchomwa mteja anailipia pia. Nikamwambia analipa, kwa kuwa ilishapimwa ilipoingia tangini, na kwamba kwa meli zinazofika Ulaya, kuanzia 2026, methani hiyo inahesabiwa pia katika malipo ya uchafuzi. «Basi na hiyo uiandike,» akasema, «maana itatufikia kwenye fakturi.» Nikaongeza mstari mmoja chini ya ukurasa wa nne.