Dhana ya Udhahiri katika Hataza za Vifaa vya Upasuaji

Katika mazungumzo ya kawaida, neno dhahiri hurejelea jambo linaloonekana wazi na kila mtu. Katika sheria ya hataza, maana yake ni finyu zaidi. Uvumbuzi huwa dhahiri iwapo mjuzi wa kawaida wa fani husika angeufikia kwa kutegemea maarifa yaliyokuwapo kabla ya tarehe ya maombi. Kigezo hiki kimo pia katika Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001.

Ugumu wa kigezo hiki hutokana na wakati. Kitendawili kikishateguliwa, kila msikilizaji huona kuwa jibu lake lilikuwa jepesi. Vivyo hivyo, kapi na mkono wa roboti vikishaunganishwa kuwa kifaa cha upasuaji, muungano huo huonekana rahisi. Ili kuepuka kosa hilo, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere (1966), iliagiza yachunguzwe maarifa yaliyotangulia, tofauti kati yake na uvumbuzi unaodaiwa, na kiwango cha ujuzi katika fani.

Kesi ya Auris Health dhidi ya Intuitive Surgical (2022) ni mfano mzuri. Hataza iliyopingwa ilihusu mfumo wa roboti unaotumia makapi ili kuharakisha ubadilishaji wa vifaa wakati wa upasuaji. Bodi ya hataza ilikubali kwamba hati mbili za awali, zikijumuishwa, zilikuwa na sehemu zote za uvumbuzi huo. Hata hivyo, ilishikilia kwamba mjuzi hangekuwa na sababu ya kuzijumuisha, kwa kuwa madaktari wapasuaji waliutilia shaka upasuaji wa roboti. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo kwa wingi wa majaji na kuirejesha kesi kwa bodi. Ilieleza kwamba shaka ya jumla kuhusu fani nzima, peke yake, haithibitishi kukosekana kwa sababu hiyo.

Suala hili lina uzito. Jambo dhahiri likipewa hataza, mtu mmoja huhodhi maarifa ya wote na gharama huweza kumwangukia mgonjwa. Uvumbuzi wa kweli ukinyimwa, mbunifu hupoteza jasho lake. Kwa hivyo, anayetumia dhahiri kama istilahi ya sheria hana budi kubainisha: dhahiri kwa nani, na lini?