Kutoka 49 hadi 70, mama yuko wapi?

Piga hesabu kidogo. Kama wewe una miaka 21 au 22, mama yako ana mingapi? Kwa wengi wetu jibu liko kati ya 42 na 55. Sasa huo ndio umri ambao mwili wa mwanamke unabadilika pengine kuliko wakati wowote tangu balehe, ukiacha ujauzito, na sisi watoto wake tuliosoma hatuna habari. Mimi nasomea ualimu, na nikikumbuka mada ya uzazi tuliyofundishwa skuli, ilianza kwenye kuvunja ungo ikaishia kwenye kujifungua. Baada ya hapo mwanamke akatoka darasani.

Kukoma hedhi hakuji siku moja. Mayai kwenye ovari yanapungua mwaka hadi mwaka, na homoni ya estrojeni inapanda na kushuka bila mpango kwa miaka kadhaa kabla haijashuka moja kwa moja. Damu inaweza kuja mara mbili ndani ya mwezi, kisha ikapotea miezi mitatu, kisha ikarudi. Kitabibu, mwanamke anahesabiwa kuwa amekoma akishapitisha miezi 12 mfululizo bila hedhi, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kwa hiyo hedhi ya mwisho hujulikana kuwa ni ya mwisho baada ya mwaka mzima, kwa kurudi nyuma na kuhesabu. Waliopita madrasa wanajua kwamba jambo lenyewe si geni: kwenye fikihi, eda ya talaka kwa mwanamke aliyekoma hedhi ni miezi mitatu, siyo twahara tatu. Hukumu ipo, umri wenyewe unatambuliwa. Kinachokosekana ni maelezo ya kinachotokea mwilini.

Kwetu Mkoani mambo huwa hivi. Mama wa makamo anaamka usiku wa manane, kanga imelowa jasho, moyo unamwenda mbio. Anatoka kukaa barazani apate upepo. Kama ni kaskazi, nani atashangaa? Siku ya pili anaambiwa ni malaria, anakunywa dawa. Wiki ya pili anaambiwa ni presha. Ikifika mwezi, usingizi hana na amekuwa mkali, shoga zake wanaanza kunong'ona habari za shetani, au kwamba kuna mtu kamfanyia. Siwacheki. Presha kweli inaweza kuwepo, na malaria tumeishi nayo. Ila katika watu wote hao hakuna aliyemuuliza swali moja dogo: hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?

Wapo waliouliza, na wakaendelea kuuliza mwaka hadi mwaka. Nchini Marekani, utafiti unaojulikana kwa kifupi kama SWAN uliandikisha wanawake 3,302 wenye miaka 42 hadi 52 mnamo 1996 na 1997, weusi, weupe, Wachina, Wajapani na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Uzuri wake ni kwamba haukuwapima mara moja na kuwaacha, uliwafuata wakizeeka. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya yale majoto ya ghafla na jasho la usiku. Kwa wanaoyapata mara kwa mara, muda wa kati ulikuwa miaka 7.4. Si miezi, ni miaka. Kwa wanawake weusi ulifika miaka 10.1, mrefu kuliko makundi mengine yote, wakati kwa Wajapani haukufika hata miaka 5. Na walioanza kusikia joto kabla hedhi haijakoma ndio waliokaa nalo muda mrefu zaidi.

Lakini joto angalau linasikika. Kinachonitisha mimi ni visivyosikika. SWAN ilionyesha kwamba mifupa huanza kupungua kwa kasi takriban mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho, na kasi hiyo huendelea kama miaka miwili baada yake, ndipo ikapoa bila kusimama kabisa. Lehemu mbaya kwenye damu nayo ilipanda zaidi katika kipindi hicho hicho. Na mama hasikii maumivu yoyote. Miaka kumi na tano baadaye anateleza na ndoo ya maji, nyonga inavunjika, sote tunasema ni uzee tu.

Mwanamke mweusi wa Chicago si mwanamke wa Mkoani, hilo lazima tuliseme. Chakula si kimoja, kazi si moja, idadi ya mimba si moja. Siwezi kuichukua ile 10.1 nikaipachika kwa mama zetu. Ili tupate namba yetu, inabidi mtu aje awahesabu wao.

Na hapo ndipo penye shimo. Uchunguzi mkubwa wa afya hapa nchini, ule wa idadi ya watu na afya unaofanywa tangu 1991-92, huhoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, kwa sababu unatazama zaidi uzazi. Kliniki tunayoijua ni ya mama na mtoto. Mtoto wa mwisho akimaliza chanjo, kadi inawekwa kabatini na mama hana tena sababu ya kwenda. Anaonekana tena akifika 70, kwa pensheni jamii ambayo Zanzibar iliianzisha Aprili 2016, wakati ule shilingi 20,000 kwa mwezi. Katikati pana miaka 21. Sisemi hakuna kitu kabisa. Mwaka 2011 Zanzibar ilifanya uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64, wanawake na wanaume. Lakini kupima watu mara moja siyo sawa na kumfuata mtu yule yule miaka kumi.

Wapo wanawake wa umri huu Tanzania waliowahi kufuatwa kwa makini, ila si na madaktari. Kuanzia miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakahesabu saa za kuchimba mizizi. Bibi waliokwisha kuacha kuzaa walifanya kazi saa nyingi kuliko wanawake vijana, na mama akiwa na kichanga, uzito wa mtoto wake mkubwa ulikwenda na bidii ya bibi. Ikazaliwa hoja kwamba mwanamke huishi miaka mingi baada ya uzazi kwa sababu miaka hiyo inalisha wajukuu. Wengine wanaibishia, khasa baada ya utafiti wa 2023 juu ya sokwemtu wa Ngogo, Uganda, ambao nao hukoma uzazi na kuendelea kuishi, lakini bibi zao hawalei wajukuu. Ubishi huo nawaachia wenyewe. Ninachokiona Mkoani ni baba na mama wako Unguja kutafuta, na wajukuu wanne wako kwa bibi wa miaka 53.

Na asituambie mtu kwamba Pemba hapafai kwa utafiti mkubwa. Maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri ipo Chake Chake tangu mwaka 2000. Mwanzoni mwa miaka hiyo, watoto wachanga na wadogo zaidi ya 24,000 wa kisiwa hiki waliingizwa kwenye jaribio la madini ya chuma na asidi ya foliki. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha kwamba penye malaria nyingi, dawa hizo ziliongeza watoto kulazwa na kufa, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Huenda wewe msomaji wa Pemba ulikuwa mmoja wa watoto wale. Basi aliyekubeba kukupeleka kupimwa, leo ndiye mwenye miaka 47.

Likizo hii ukishuka bandarini, uliza. Msichana anaweza kumuuliza mama mwenyewe jikoni; mvulana apitie kwa dada au shangazi, maana kwetu ukiuliza moja kwa moja utafukuzwa na mwiko. Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Iandike tarehe. Akapimwe presha na sukari hata kama hana kinachomuuma. Na lipo moja lisilosubiri: akishapitisha miezi 12 bila damu, kisha ikarudi, hata tone, hiyo siyo hedhi wala si ujana umerudi. Mara nyingi sababu huwa ndogo, lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake, nazo zikiwahiwa hutibika. Aende hospitali wiki hiyo hiyo, kwa Mkoani ni Abdulla Mzee, na ile tarehe uliyoiandika aende nayo.