Kati ya kuzinduliwa na kupatikana

Hadidu za rejea za kutengeneza tovuti ya taasisi, iwe halmashauri, chuo au hospitali, karibu kila mara huwa na sentensi moja inayodai tovuti iwe rahisi kupatikana kwenye injini za utafutaji. Huwekwa kuelekea mwisho, baada ya nembo, matunzio ya picha na ujumbe wa mkuu wa taasisi. Haina kipimo wala tarehe. Mzabuni huiwekea alama ya vema, kamati ya tathmini huipita, na kazi huanza.

Ahadi hiyo si ndogo. Ili ukurasa utokee mtu anapoandika swali kwenye Google au Bing, roboti ya injini lazima kwanza iufikie, kwa kawaida kwa kufuata kiungo kutoka ukurasa mwingine. Kisha iusome na kuelewa unahusu nini, ndipo uingizwe kwenye faharasa. Hatua hizo hazinunuliwi, na Google yenyewe husema wazi kwamba haihakikishi ukurasa wowote kuingizwa. Kurasa za tovuti mpya zinaweza kuingia ndani ya siku chache, na zinaweza pia kusubiri wiki kadhaa. Mkandarasi anachoweza kufanya ni kuondoa vikwazo. Anayeahidi nafasi ya kwanza kwenye matokeo anaahidi kisichokuwa mikononi mwake, ingawa haki itendeke: hadidu zisizo na kipimo ndizo zilizomfungulia mlango wa kuahidi hivyo.

Mipango huanza ikiwa tayari imebanwa. Nchini Kenya na Tanzania mwaka wa fedha wa Serikali huisha 30 Juni, na mkataba wa taasisi ya umma uliochelewa kusainiwa hulazimika kukamilika kabla ya siku hiyo, fedha zisije zikarudi. Katika miezi michache inayobaki, mambo yanayoamua kama tovuti itapatikana ndiyo yanayopewa muda mfupi zaidi: anwani za kurasa ziweje, viungo vipangweje, kipi kiandikwe kama ukurasa wa maandishi na kipi kiwekwe kama faili, lugha ipi itangulie. Kuyaamua mapema hakugharimu kitu zaidi ya mkutano mmoja mzuri. Kasoro yake ni kwamba hayana cha kuonyesha kwenye kikao. Kamati huonyeshwa mchoro wa ukurasa wa mwanzo, na mjadala wa rangi ya bluu unaweza kumaliza vikao viwili.

Ilhali mtumiaji ambaye wengi wanamkusudia hapiti ukurasa wa mwanzo. Kijana wa steshenari anayemsaidia mzazi kupata fomu za kujiunga na shule huandika jina la shule na neno fomu, kisha hubonyeza kiungo cha kwanza kinachofanana na anachotaka. Mfanyabiashara anayetafuta ada za leseni huuliza kwa maneno yake mwenyewe, mara nyingi kwa Kiswahili, kwenye simu yenye bando dogo. Mlango wa mtu huyo ni ukurasa wa ndani kabisa, ambao hakuna kikao kilichowahi kuujadili.

Ujenzi wenyewe siku hizi si tatizo kubwa kama zamani. Mifumo ya kawaida kama WordPress tangu 2020 hutengeneza yenyewe ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa inayosomwa na roboti. Faili moja la ramani huruhusiwa kubeba anwani 50,000, idadi ambayo taasisi nyingi hazitaikaribia. Ugumu huanza pale tovuti inapojengwa ili ivutie machoni kuliko kusomeka. Kurasa zinazotegemea JavaScript kuleta maandishi yote zinaweza kusomwa na Google, lakini kwa hatua ya ziada, na vitufe visivyo na anwani halisi nyuma yake roboti haivifuati. Kuna pia suala la simu. Google ilianza mwaka 2016 kutangaza kwamba itasoma toleo la simu la kila tovuti badala ya lile la kompyuta, na ikakamilisha mabadiliko hayo Oktoba 2023. Maana yake, aya iliyoondolewa kwenye toleo la simu ili ukurasa uonekane nadhifu ni kama haipo. Wasanifu hufanya kazi kwenye skrini pana, na kamati huikagua kazi hiyo kwenye projekta ukutani.

Kosa linalojirudia kuliko mengine ni dogo mno, na naona linastahili kuelezwa kwa kirefu. Tovuti inapojengwa hukaa kwanza kwenye anwani ya majaribio, na ni busara kuzizuia roboti zisisome kurasa ambazo hazijakamilika. Njia mojawapo ni faili la robots.txt, utaratibu uliokuwapo tangu 1994. Mstari mmoja ndani yake, unaoishia na mkwaju, unatosha kuzifungia roboti tovuti nzima. Kwenye WordPress ni kisanduku kimoja tu cha kuweka tiki. Siku ya kuhamishia tovuti kwenye anwani rasmi, kila kitu huhama pamoja, kizuizi kikiwemo. Uzinduzi hufanyika, mgeni rasmi hubonyeza kitufe, kurasa hufunguka vizuri kwa kila aliyepewa anwani. Hakuna hitilafu inayoonekana. Miezi baadaye mtu hugundua kwamba hata jina la taasisi likiandikwa kwa ukamilifu, kinachotokea ni magazeti yaliyoiandika taasisi hiyo wala si tovuti yake. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache. Muda mrefu huliwa na kutojua, kwa kuwa mkataba haukumpa mtu yeyote jukumu la kuangalia.

Jambo la pili linaloachwa ni anwani za zamani. Tovuti mpya aghalabu huja kuchukua nafasi ya nyingine iliyokaa miaka, yenye matangazo, fomu na taarifa ambazo tovuti nyingine, vyuo na vyombo vya habari viliziunganisha. Viungo hivyo kutoka nje ni sehemu ya sababu injini ziliiamini tovuti ile. Mfumo ukibadilika, anwani nazo hubadilika, na kila ya zamani inahitaji kuelekezwa kwa mwenzake mpya. Ushauri wa Google ni kwamba maelekezo hayo yadumu angalau mwaka mmoja. Kwa tovuti ya kurasa mia chache, hiyo ni kazi ya siku kadhaa mbele ya jedwali refu, haina mvuto wowote, na huangukia wiki ile ile ya uzinduzi. Kwa hiyo hufanywa kwa kurasa kumi kuu, au anwani zote za zamani hutupwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Mwalimu aliyebonyeza kiungo cha mwongozo wa mwaka juzi anajikuta anatazama picha ya jengo la utawala.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Kurasa kadhaa hubaki na kichwa kimoja kinachosema Mwanzo au Habari. Viungo huandikwa Bofya hapa, maneno yasiyomwambia msomaji wala roboti kinachofuata. Vichwa hubaki kwa Kiingereza kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo. Matangazo hupakiwa kama PDF iliyoskaniwa, muhuri ukiwa juu ya maneno. Injini hujaribu kusoma maandishi ndani ya picha, ila karatasi iliyopinda si ya kutegemewa, na faili la megabaiti kadhaa kwa ajili ya aya moja ni mzigo kwa mwenye simu. Cheti cha usalama cha tovuti nacho hupatikana bure tangu 2015, lakini aina hiyo ya bure ilikuja na uhai wa siku 90, hivyo anayesahau kupanga kijihuishe chenyewe hukuta wageni wake wanapokelewa na onyo jekundu.

Gharama hukua kwa njia zinazotabirika. Kubwa zaidi ni maudhui. Bei ya zabuni hudhani kwamba mteja ataleta maandishi yaliyo tayari, naye mteja hudhani kwamba kutengeneza tovuti ni pamoja na kuijaza. Idara huchelewa, mkandarasi hujaza nafasi kwa maneno ya muda, na maandishi halisi yanapokuja baada ya makabidhiano huwa ni kazi mpya yenye ankara yake. Idadi ya kurasa nayo hukadiriwa kwa kutazama menyu, wakati matangazo ya zamani yamelala humo kwa mamia. Kukodi nafasi kwenye seva mara nyingi hulipwa kwa dola, na shilingi haikai mahali pamoja. Muundo wa anwani ukibadilishwa baada ya uzinduzi, maelekezo yote hufanywa upya. Wapo hata wanaoishia kulipia matangazo ya mtandaoni ili watokee mtu anapotafuta jina lao wenyewe.

Kuulaumu upande mmoja ni rahisi, na sioni kama kunafika mbali. Mkandarasi hulipwa awamu ya mwisho siku ya makabidhiano, kwa hiyo huelekeza nguvu kwenye kile kitakachokaguliwa siku hiyo. Taasisi nayo hufuata taratibu za fedha zilizozoea kulipia kitu kilichokamilika, si miezi ya kukiangalia. Afisa TEHAMA anayebaki na tovuti huwa na kazi nyingine kumi, na akaunti ya Search Console, chombo ambacho Google hukitoa bure kuonyesha kurasa zipi zimeingizwa na zipi zimekataliwa, mara nyingi ilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyekwishahamia kampuni nyingine.

Mikataba ya majengo na barabara hushikilia sehemu ya malipo mpaka kipindi cha matazamio kiishe, na sioni sababu ya kiufundi ya tovuti kutofuata utaratibu huo. Ukaguzi wake ni mwepesi. Dawati la mapokezi linajua maswali ambayo watu huuliza kila siku, na ishirini kati yake yanaweza kuambatishwa kwenye mkataba, yakiwa katika maneno ya waulizaji. Miezi mitatu baada ya uzinduzi, mtu asiyehusika na mradi ayaandike kwenye simu ya kawaida, nje ya mtandao wa ofisi, na arekodi mangapi yamemfikisha kwenye ukurasa sahihi. Kwa yaliyoshindikana, Search Console itaonyesha kama ukurasa ulizuiwa, haukuonekana, au ulisomwa ukaachwa. Akaunti hiyo ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi siku ambayo mkataba unasainiwa.