Mgeni wa Sebuleni: Mema na Kasoro za Kisanduku cha Filamu

Mgeni akiingia nyumbani, mwenye nyumba humkaribisha sebuleni, humpa kiti na maji ya kunywa, kisha taratibu humsoma tabia. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Je, mama mwenzangu, mgeni aliyekaa sebuleni miaka zaidi ya kumi na mitano, akizungumza na watoto kila jioni, amekwisha kusomwa tabia?

Mgeni tunayemsema ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye runinga ili kuleta filamu na vipindi kwa njia ya intaneti. Viko vya aina nyingi, lakini kimoja kilichotangulia na kuingia katika nyumba nyingi sana huko Marekani kinaitwa Roku. Kilianza kuuzwa mwezi Mei 2008. Mwezi Januari 2025 kampuni inayokitengeneza ilitangaza kwamba kaya zaidi ya milioni 90 zinatumia mitambo yake.

Baadhi yetu tumekisikia kwa binti na dada zetu wanaoishi Marekani. Akina bibi waliokwenda huko kulea wajukuu wamekiona kwa macho yao. Na wewe ambaye hukukiona, usifunge ukurasa. Runinga nyingi za kisasa zinazouzwa katika maduka yetu zimejengwa kwa mfano huo huo, ila kisanduku kimehamia ndani ya runinga yenyewe. Tukikichunguza hiki kimoja, tutakuwa tumevichunguza vingi.

KILIVYOZALIWA

Zamani kampuni ya Netflix ilikuwa ikiwapelekea wateja wake filamu kwa posta, katika DVD zilizotiwa ndani ya bahasha nyekundu. Mwaka 2007 ikaanza kuonyesha filamu moja kwa moja kwa njia ya intaneti. Ilikuwa habari njema, lakini ilikuwa na shida moja: mteja alilazimika kutazama kwenye kompyuta. Ni nani angekusanya mume, watoto na wageni mbele ya kompyuta ndogo ya mezani?

Ndipo Netflix ikaanza kutengeneza kifaa cha kufikisha filamu hizo kwenye runinga. Aliyeongoza kazi hiyo ni Anthony Wood, mtu aliyekuwa ameanzisha kampuni yake ya Roku mwaka 2002. Neno hilo kwa Kijapani maana yake ni sita, kwa sababu hiyo ilikuwa kampuni yake ya sita. Mwishoni mwa mwaka 2007, kifaa kikiwa karibu kutoka, mkuu wa Netflix, Reed Hastings, akaamua kampuni yake isikiuze. Aliona kwamba watengenezaji wengine wa vifaa wangeiona Netflix kuwa mshindani wao badala ya rafiki. Kazi yote ikahamishiwa Roku.

Kisanduku cha kwanza kiliuzwa kwa dola 99 na senti 99. Kilikuwa kidogo, upana wake kama inchi 5, na hakikuhitaji dishi wala antena. Filamu zilipita ndani yake kama maji yanavyopita bombani: unafungua, yanatiririka, unafunga, hayabaki. Hapo mwanzo kilileta jambo moja tu, yaani filamu za Netflix.

MEMA YAKE

Tuanze na sifa, maana si haki kumhukumu mgeni kabla ya kutaja mema yake.

Sifa ya kwanza ni urahisi. Rimoti yake ilikuwa na vibonyezo vichache, si kama zile zenye vibonyezo hamsini ambazo baba peke yake ndiye anayezijua. Bibi asiyesoma Kiingereza aliweza kuonyeshwa mara moja na kesho yake akafungua mwenyewe. Hakika, kifaa ambacho mama anaweza kukitumia bila kumwita mtu ni kifaa kinachomheshimu mama.

Sifa ya pili ni bei. Mwaka 2016 kampuni ilitoa kisanduku cha aina ya Express kwa karibu dola 30. Familia ambayo haikuwa na uwezo wa kulipia runinga ya kebo kila mwezi iliweza kukinunua mara moja na kuchagua yenyewe itakacholipia.

Sifa ya tatu ni kwamba hakikubagua runinga. Kisanduku cha kwanza kilikubali hata zile nyaya za zamani za rangi nyekundu, nyeupe na manjano. Hukulazimika kuitupa runinga uliyonunua kwa jasho.

Sifa ya nne ni kwamba hakikubaki cha Netflix peke yake. Mwaka 2009 filamu za Amazon ziliongezwa, na mwaka huo huo likafunguliwa soko la chaneli. Kuanzia hapo mtu aliweza kupata mapishi, katuni, habari, muziki na hata mahubiri katika kisanduku kimoja.

Tena kulikuwa na mambo madogo ambayo mama hawezi kuyasahau. Roku 3, iliyotoka mwaka 2013, ilikuwa na tundu la visikizio kwenye rimoti. Mama aliyemlaza mtoto baada ya saa nzima ya kumbembeleza aliweza kutazama kipindi chake bila sauti kusikika chumbani. Mwaka 2015 Roku 4 ikaja na kibonyezo cha kuifanya rimoti ilie inapopotea. Kila nyumba yenye watoto na makochi inajua thamani ya jambo hilo.

BEI NDOGO HULIPWA NA NANI?

Sasa tugeukie kasoro. Rahisi ni ghali, walisema wahenga. Kifaa kikiuzwa kwa bei ndogo mno, mnunuzi mwenye busara hujiuliza: faida inatoka wapi?

Jibu linaonekana katika hesabu za kampuni yenyewe. Mwaka 2024 mapato yake yalizidi dola bilioni 4. Katika kila dola, kama senti 85 hazikutoka katika kuuza vifaa. Zilitoka hasa katika matangazo ya biashara, na katika sehemu ambayo kampuni hupata watu wanapojiunga na huduma za kulipia. Vifaa vyenyewe viliuzwa kwa hasara. Kwa lugha ya jikoni, sufuria inatolewa karibu bure ili muuzaji aweze kuuza kila kitakachopikwa ndani yake.

Basi haishangazi kwamba matangazo yamezidi kusogea. Yalikaa pembeni mwa ukurasa wa mwanzo. Rimoti nazo zikawekewa vibonyezo vyenye majina ya kampuni, nafasi ambazo kampuni hizo huzilipia. Mwaka 2023 ule mji wa kuchorwa unaopita kwenye kioo runinga inapopumzika, ambao wengi waliupenda kwa utulivu wake, ukaanza kuonyesha biashara za watu, ikiwemo McDonald's. Mwezi Machi 2025 baadhi ya watumiaji waliwasha runinga wakakuta tangazo la filamu ya watoto ya Moana 2 likicheza hata kabla ukurasa wa mwanzo haujafunguka. Kampuni ilisema lilikuwa jaribio tu. Lakini mama aliyemwambia mwanawe, "Leo hakuna filamu mpya," anajua jaribio hilo lilimfikia nani kwanza.

WAPIGANAPO TEMBO

Kasoro nyingine ni kwamba ufunguo wa mlango hauko mikononi mwa mwenye nyumba. Huduma ya HBO Max ilipoanza mwezi Mei 2020, wenye Roku hawakuweza kuipata hadi Desemba, kwa sababu kampuni hizo mbili zilikuwa hazijapatana. Mwezi Aprili 2021 programu ya YouTube TV iliondolewa katika soko la chaneli la Roku kwa sababu ya ugomvi kati ya Roku na Google, na ugomvi huo ulimalizika mwezi Desemba tu. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Aliyekuwa akilipa kila mwezi hakuulizwa neno.

Aidha kifaa hiki huzeeka upesi. Mwezi Desemba 2019 visanduku kadhaa vya zamani vya Roku viliacha kupokea Netflix. Fikiria: kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya Netflix kikawa hakiwezi tena kuionyesha, ingawa hakikuvunjika. Kabati la mama litadumu miaka arobaini, lakini kifaa cha namna hii huishi kadiri kampuni inavyotaka kiishi.

Na ndugu wanaofikiria kuwaletea wazazi kisanduku kama zawadi kutoka ng'ambo wajue pia kwamba mengi yaliyomo hufunguka katika nchi fulani tu. Ile chaneli ya bure ya kampuni, The Roku Channel, iliyoanzishwa mwaka 2017, imekusudiwa nchi chache.

WATOTO WETU WAKO MBELE YAKE

Hapa ndipo penye uzito. Kwa miaka mingi Roku iliruhusu chaneli ambazo hazikuonekana sokoni, bali zilifunguliwa kwa kuandika namba maalum. Nyingine zilikuwa za heri, lakini nyingine zilikuwa na picha chafu. Mzazi aliyeangalia orodha ya soko asingeziona, ila kijana aliyepewa namba na rafiki yake shuleni aliweza kuzifungua. Mlango huo ulifungwa mwanzoni mwa mwaka 2022, miaka mingi baada ya kisanduku kuingia sebuleni.

Mwaka 2024 likazuka jingine. Wezi walitumia majina na maneno ya siri yaliyoibwa kwingine, wakayajaribu kwenye akaunti za Roku. Akaunti kama 15,000 ziliingiliwa, kisha nyingine 576,000. Katika akaunti chache wezi walinunua huduma au vifaa kwa kadi zilizokuwa zimehifadhiwa humo. Baada ya hapo kampuni iliongeza hatua ya pili ya kuthibitisha mwenye akaunti.

Kisha mwezi Aprili 2025 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Michigan aliifungulia Roku mashtaka. Anadai kwamba kampuni ilikusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi wao, na kwamba haikuwapa wazazi namna ya kuwatengea watoto sehemu yao. Mwezi Oktoba mwaka huo jimbo la Florida nalo likashtaki. Kampuni imeyakana madai hayo, na kazi ya kuamua ni ya mahakama. Lakini swali lililoulizwa huko linatuhusu sisi sote: mtoto anapotazama, ni nani anayemtazama yeye?

Ukipima vizuri utaona kwamba kasoro hii na ile sifa ya kwanza zimetoka tumbo moja. Urahisi uliomfaa bibi ndio unaomfaa mtoto wa miaka minne. Asiyeulizwa neno la siri hazuiliwi, na asiyezuiliwa hufika popote.

MAMA AFANYE NINI?

Hatusemi kisanduku kitupwe. Jioni ya Jumamosi ambayo familia imekaa pamoja ikicheka kwa filamu moja ni jambo jema. Tunachosema ni kwamba mgeni awekewe taratibu za nyumba. Haya yanafaa kwa Roku, na kwa runinga yoyote ya kisasa:

Kwanza, weka namba ya siri ya manunuzi, ili pasinunuliwe wala kuongezwa kitu bila wewe au baba kujua. Namba hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa kwa mtoto, maana ndiyo atakayoijaribu kwanza.

Pili, neno la siri la akaunti liwe lake peke yake. Usitumie lile lile la barua pepe au la benki.

Tatu, fungua sehemu ya mipangilio, tafuta palipoandikwa faragha, ukatae matangazo yanayofuata tabia za mtazamaji. Runinga nyingi za kisasa zina uwezo wa kutambua kinachoonyeshwa kwenye kioo na kupeleka habari hizo kwa kampuni. Uzime uwezo huo.

Nne, kila mwisho wa mwezi kaa na mume wako mhesabu mnacholipia. Huduma moja ya bei ndogo haiumizi, lakini tano pamoja na gharama ya intaneti hufikia karo ya mtoto. Iliyokaa mwezi mzima bila kutazamwa iondoeni.

Tano, runinga ikae sebuleni, si chumbani kwa watoto. Hakuna namba ya siri inayoshinda jicho la mama anayepita na sahani za chakula.

Kisanduku hiki ni mtumishi mwenye mabwana wawili. Mmoja ni wewe uliyekinunua, na mwingine ni kampuni inayokiendesha kutoka mbali. Wewe ulimlipa mara moja, yule mwingine humpata kila siku. Mtumishi wa namna hiyo anaweza kufanya kazi nzuri kwako, lakini haachiwi watoto peke yake. Jioni hii, kabla watoto hawajaketi kutazama, chukua rimoti mwenyewe, ufungue mipangilio, usome kilichoandikwa humo hadi mwisho.