Sura ya 6: Joto Halizuki Tu

Maji ya chemchemi za Songwe, upande wa magharibi wa jiji la Mbeya, hutoka ardhini yakiwa ya moto usiku na mchana, na hakuna kuni wala makaa yanayowaka chini yake. Joto hilo linatoka wapi? Ni swali la haki, maana sheria ya kwanza ya themodinamiki inasema nishati haizuki wala haipotei, hubadilika umbo tu. Ya pili inasema joto, likiachwa lenyewe, hutoka penye moto kwenda penye baridi.

Chanzo cha joto la Mbeya kinajulikana: ni masalio ya joto la tangu dunia ilipoumbika, pamoja na lile linalotolewa na unururifu wa urani, thori na potasiamu ndani ya miamba. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Madai mengine hukwama kwenye swali hilohilo. Tarehe 23 Machi 1989, wanakemia Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza huko Utah, Marekani, kwamba umeme ukipitishwa katika maji mazito yenye kipande cha metali ya paladi, hutoka joto jingi kuliko umeme ulioingia. Walisema viini vya atomi vinaungana. Kama ingekuwa hivyo, nyutroni zingemwagika kwa wingi wa kuhatarisha maisha yao. Hazikuonekana. Mwaka huohuo jopo la Wizara ya Nishati ya Marekani likaona ushahidi hautoshi. Mwaka 2019 watafiti waliofadhiliwa na Google nao walieleza kwamba hawakupata dalili yoyote.

Sasa twende kwenye ajabu nyingine, iliyoanzia Magamba, Lushoto, ikafika Iringa. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Erasto Mpemba alichemsha maziwa na sukari ili atengeneze aiskrimu. Nafasi katika jokofu ilikuwa inakwisha, akayaingiza yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne, aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: mbona maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya yale ya nyuzi 35? Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, aliporudi chuoni aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Jambo la Mpemba haliangushi themodinamiki. Maji ya moto bado yanatoa joto lake lote. Sheria zile hazisemi litoke kwa kasi gani. Huenda sababu ni uvukizi, mikondo ndani ya chombo, au gesi zilizoyeyuka. Mwaka 2016 Burridge na Linden, nchini Uingereza, walipima upya wasilione, wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kubadili jibu. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, nchini Kanada, walilionyesha wazi kwa chembe ndogo mno ndani ya maji.

Ajabu ya Utah na ajabu ya Iringa zilipitia mlango mmoja: kupima na kurudia. Hakuna sifa ya profesa inayoufungua mlango huo, wala dharau ya darasa inayoufunga. Leo Mkwawa ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kinachoandaa walimu. Mwalimu unayesoma sura hii, mwanafunzi akikuletea jambo lisiloingia akilini, usimkatize. Mpe kipimajoto, mpe daftari, kisha mpime pamoja.