Kubweka kwa Mbwa: Kelele au Kauli?

Utangulizi

Katika mitaa mingi ya Nairobi, malango hubandikwa ilani ya maneno mawili: "Mbwa Kali". Mwanafunzi wa Kiswahili apitapo hapo hukimbilia kusahihisha upatanisho wa kisarufi, kwani mbwa, akiwa kiumbe mwenye uhai, huhitaji kivumishi "mkali". Hata hivyo, nyuma ya lango lilo hilo huwapo kosa jingine lisilosahihishwa: mbwa abwekaye usiku kucha bila yeyote kujiuliza anasema nini. Majirani hukosa usingizi, ujirani mwema ukavunjika, na wakati mwingine mnyama akapigwa mawe au akalishwa sumu. Makala haya yanaeleza kuwa kubweka ni mawasiliano, na kwamba asiyetambua maana ya sauti hiyo ni vigumu aipunguze.

Sauti na Muktadha Wake

Kiswahili hakikuzirundika pamoja sauti za mbwa: mbwa hubweka, hunguruma, na aumiapo hulia. Utafiti nao umebainisha kuwa hata kubweka kwenyewe si kwa namna moja. Mnamo mwaka wa 2004, Sophia Yin na Brenda McCowan wa Marekani walichapisha uchanganuzi wa milio 4,672 ya mbwa 10 katika miktadha mitatu: mgeni anapobisha kengele, mbwa anapotengwa, na mbwa anapocheza. Milio ya kumkabili mgeni ilikuwa mizito na yenye mkwaruzo. Ile ya upweke na ya mchezo ilikuwa myembamba zaidi. Mwaka uliofuata, Péter Pongrácz na wenzake wa Hungaria walionyesha kuwa hata mtu asiyefuga mbwa aweza, kwa kusikiliza sauti iliyonaswa tu, kutambua hali ya mbwa kuliko ambavyo angebahatisha.

Kiini cha Tatizo

Mbwa wengi mjini hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Hufungiwa kibandani mchana kutwa na kufunguliwa giza liingiapo. Mbwa wa aina hii hana mazoezi wala mwenzi, hivyo basi kubweka huwa ndiyo shughuli yake ya pekee. Yuko pia anayewabwekea wapita njia awaonao kupitia nyufa za lango. Kila mpita njia huenda zake, naye mbwa hujifunza kuwa sauti yake ndiyo iliyomfukuza. Mwingine hutupiwa mfupa ili anyamaze, kumbe amefunzwa kuwa kubweka kuna malipo. Fauka ya hayo, maumivu na uzee huweza kumfanya mbwa abweke kupita kiasi.

Hatua za Kuchukua

Kwanza, mwenye mbwa aandike kwa muda wa juma moja saa ya kubweka, kilichotangulia na kilichofuata. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazomfunulia sababu.

Pili, aondoe kichocheo. Nyufa za lango huzibika kwa kipande cha bati, na kibanda huweza kusogezwa mbali na barabara. Aidha, matembezi ya kila siku humpunguzia mbwa uchovu wa kukaa bure.

Tatu, amfunze kunyamaza. Abwekapo, mfugaji asubiri anyamaze japo kwa sekunde chache, atamke "Kimya" na kumpa kitafunio papo hapo. Kisha kipindi cha ukimya kirefushwe taratibu. Neno liwe lilo hilo kwa aila nzima: baba akisema "kimya" na mtoto "nyamaza", mbwa hatajua lipi la kufuata.

Nne, abwekaye kwa upweke azoeshwe kuachwa kidogo kidogo: dakika moja, kisha tano, kisha zaidi. Asipopata nafuu, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Ieleweke kuwa mbwa aliyezoea kulipwa kwa kubweka huzidisha sauti malipo yakomapo, kabla ya kuipunguza. Anayemridhia siku ya tatu humfunza kuwa ving'ang'anizi hushinda.

Yasiyofaa

Kumfokea mbwa hakusaidii, kwani huenda akadhani bwana wake naye anabweka. Kumpiga humwongezea hofu, na hofu ni chanzo kimojawapo cha kubweka. Isitoshe, kumpiga mnyama kikatili ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Hitimisho

Lengo si kumfanya mbwa kuwa bubu. Mbwa abwekeaye kila kivuli huwazoesha wenyeji kutomsikiliza, na siku mwizi arukapo ua, hapana atakayeamka. Abwekaye kwa nadra huaminiwa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mafunzo yaanze mbwa akiwa mdogo, ingawa mkubwa naye hufunzika akipata mwalimu mwenye subira.